Somo wa Pili: Miezi Tisa Katika Baraza la Wanawake Wanaokoma Hedhi, Mtwara Mjini

Kabla sijaanza kuhudhuria baraza hili nilikuwa nimekwisha kunywa dawa mseto ya malaria mara tatu ndani ya miezi minne, na mara zote tatu sikuwa na malaria. Nilikuwa naamka saa nane usiku shuka limelowa, moyo unanienda mbio, uso unawaka kana kwamba nimeinamia tanuri la mikate. Baada ya dakika chache joto linakwisha, nabaki natetemeka kwa baridi ya jasho langu mwenyewe. Katika zahanati niliyokwenda, kipimo hakikuonyesha vimelea, lakini nilipewa dawa kwa tahadhari, na mara ya tatu kijana aliyenihudumia akaniambia kwa upole, "Ni umri tu, mama, utazoea." Nina miaka 51, nafundisha shule ya msingi, na nilikuwa nimeanza kusahau majina ya watoto niliowapokea tangu darasa la kwanza. Nilisimama mbele ya darasa siku moja, nikamnyooshea kidole mtoto wa jirani yangu, na jina lake halikuja. Neno "utazoea" halikunisaidia kitu.

Huduma ninayoitathmini hapa haina bango, haina ofisi, na wenyewe hawajaipa jina zaidi ya "baraza". Ni mkutano wa wanawake wanaokoma hedhi na waliokwisha kukoma, unaofanyika Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi, kuanzia saa kumi alasiri hadi karibu na adhana ya magharibi, katika nyumba ya muuguzi mkunga mstaafu maeneo ya Magomeni, hapa Mtwara mjini. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi: sehemu yake inanunua maji ya kunywa na betri za mashine ya kupimia shinikizo la damu, na inayobaki inawekwa katika mfuko wa nauli kwa mwenzetu atakayeambiwa aende hospitali akawa hana kitu mkononi. Nimehudhuria vikao 16 katika miezi tisa. Naandika kwa kirefu kwa sababu wanawake wengi hunivuta pembeni, sokoni na hata msibani, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama inafaa mtu kuiacha Jumamosi yake kwa ajili ya mkutano wa namna hii.

Jibu langu ni kwamba inafaa, lakini si kwa sababu ile wanayoitaja wanaokaribisha watu. Wao husema, "Njoo usikilize mafunzo ya mama mkunga." Mafunzo ni mazuri, nami nitayafikia, ila mtu akikosa kikao chote cha mafunzo bado anaweza kusaidika. Kitu ambacho sijakikuta kwingine, na ambacho ndicho kinachostahili ada, ni utaratibu wao wa somo.

Mwanamke aliyelelewa huku Kusini, awe Mmakonde, Mmwera, Myao au Mmakua, hahitaji kuelezwa neno hilo. Somo ni yule mtu mzima aliyekaa nawe ulipokuwa mwali, akakueleza mambo ya mwili wako bila kuzungukazunguka, na ambaye mpaka leo mkikutana njiani unashusha macho kidogo kwa heshima. Pwani neno hilohilo ni la rafiki wa siri. Sisi tulichezwa unyago, tukafundishwa namna ya kuingia: usafi, adabu kwa wakubwa, kumpokea mume. Hakuna aliyekaa nami mkekani kunifundisha namna ya kutoka, wala la kusema siku ambayo mwili wenyewe unakataa kumpokea huyo mume. Mama yangu alipofika umri huu alihamia chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, akasema ni kwa sababu ya joto, na sisi watoto tukadhani anasema joto la Novemba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tuliokwisha kuzaa tumeendelea kuuficha kwa mazoea tu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Siku ya kwanza mgeni haulizwi chochote. Anakaa, anasikiliza, anapimwa shinikizo, anakunywa maji, anaondoka. Siku ya pili, akiwa amerudi, anapewa somo, yaani mwanamke mmoja kati ya wale waliokwisha kumaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ambayo ndiyo kipimo cha kusema kwamba hedhi imekoma. Somo huyo hawezi kuwa ndugu yako, hawezi kuwa wa mtaa wako, na hawezi kuwa mtu mnayefanya kazi pamoja. Nilipoelezwa masharti hayo niliona ni urasimu usio na maana. Baada ya miezi tisa naona ndiyo akili ya mpango mzima. Jirani yako anajua mume wako alivyo, wifi yako ana upande tayari, mwalimu mwenzako ataangalia kama umekuja shuleni umechoka. Mtu wa mtaa wa mbali ana wewe tu wa kumsikiliza, na maneno yako yakimtoka hayana mahali pa karibu pa kuangukia.

Somo yangu anauza pweza na samaki kule Feri. Ana miaka 58, hakusoma zaidi ya darasa la saba, na mara ya kwanza tulipoketishwa pamoja aliniita "mwalimu" kwa adabu nyingi hata nikaona aibu, kwa sababu mwanafunzi siku ile nilikuwa mimi. Kanuni ya simu alinieleza yeye. Ukiamka usiku na jasho au na wasiwasi usioujua chanzo chake, unambipu mara moja tu. Akiwa macho atakupigia. Akiwa amelala, simu yake imezimwa sauti na hakuna aliyesumbuliwa. Yeye huamka saa kumi alfajiri kwenda kupokea samaki, kwa hiyo mara nyingi alinikuta mimi tayari nimekaa kitandani tangu saa nane. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika tano. Alikuwa ananiuliza, "Limepita?" Nikisema limepita, ananieleza samaki gani walioingia jana na bei yake, kisha tunaagana. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajakaa gizani peke yake akidhani moyo wake unataka kusimama, lakini habari ya bei ya changu saa kumi alfajiri ilinirudisha usingizini kuliko kidonge chochote nilichowahi kupewa.

Ni yeye aliyenitoa kwenye mashuka ya polista niliyokuwa nayaona ya kisasa, akaniambia nitandike khanga za pamba zilizochakaa, na nyingine mbili kavu ziwe karibu na mto ili nikilowa nibadili bila kuwasha taa na kumwamsha mzee. Aliniambia niangalie chai ya tangawizi ninayokunywa usiku, na pilipili, kwa sababu kwa baadhi ya wanawake vitu vya moto na vikali huliita lile joto. Niliacha chai ya usiku na kweli nikaona tofauti, ingawa pilipili nimeshindwa kuiacha na sitadanganya. Aliniambia pia jambo ambalo hakuna mtaalamu angeweza kuniambia kwa namna ile: kwamba Ramadhani ya kwanza aliyofunga siku zote bila kukatisha, bila deni la kulipa baadaye, alilia kwa furaha siku ya Idi. Mpaka siku ile sikuwahi kusikia mtu akilitaja jambo hili kama kitu kinacholeta chochote. Wote tulikuwa tunahesabu kinachoondoka.

Sasa niseme juu ya mafunzo. Mama mkunga hutumia nusu saa ya mwanzo wa kila kikao, akiwa amekaa kwenye kiti cha ukindu, bila karatasi mkononi. Ana kipaji cha kueleza. Kuhusu joto la ghafla alisema kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili. Homoni ya estrojeni inapopungua, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka, hata badiliko dogo la joto linaifanya idhani mwili unaungua, ikafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho ili kukupoza. Ndiyo maana baada yake unatetemeka: umepozwa wakati hukuwa na moto. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, lakini safari yenyewe huanza miaka kadhaa kabla, siku zikija mapema au zikichelewa, nyingi au chache, na joto laweza kuendelea muda mrefu baada ya damu kukoma. Alitaja utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, ambao kwa wanawake waliosumbuliwa mara kwa mara ulipata wastani wa zaidi ya miaka saba. Watu waliguna. Mmoja alisema kwa sauti, "Miaka saba, kama Yakobo na Raheli," na kikao kikacheka, ila nadhani wengi tulipata nafuu kuisikia namba, kwa sababu kabla yake kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyechelewa kupona.

Ubora wa mafunzo hayo, kwa maoni yangu, uko katika kutofautisha. Mama mkunga hakubali kila jambo liwekwe kwenye kapu la kukoma hedhi. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na mwili kupungua, anakuagiza ukapime kifua kikuu, na anakuuliza kikao kinachofuata kama ulikwenda. Moyo kwenda mbio, anataka upimwe shinikizo na damu. Mwanamke ambaye bado hajafika miaka 50 anaambiwa asiache uzazi wa mpango mpaka ipite miaka miwili bila kuona damu, na aliyevuka 50 mwaka mmoja, kwa sababu siku zinazopotea miezi mitatu na kurudi bado zinaweza kubeba mimba. Kuhusu mifupa, ambayo hupungua uimara haraka katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, hakutuletea orodha ya vyakula vya dukani. Alitaja dagaa wanaoliwa na miba yake, ufuta ambao Lindi na Mtwara tunaulima na kuuza wote mnadani bila kujiwekea hata debe moja, na kutembea kwa miguu badala ya kupanda bajaji kwa safari ya dakika kumi.

Nitaeleza tukio moja kwa sababu ndilo lililonifanya niliheshimu baraza hili. Mwanamke mmoja, ambaye sitamtaja kwa namna yoyote itakayomtambulisha, alikuja kikaoni amejipamba, akatangaza kwa furaha kwamba baada ya zaidi ya miaka miwili siku zake zimerudi. "Nimerudi usichana!" alisema, na baadhi yetu tukampigia vigelegele. Mama mkunga hakucheka. Alimwacha akae, akamaliza kuwapima wengine, kisha akamwita chumbani. Baadaye, kwa ruhusa ya mwenyewe, alitueleza wote kwamba damu inayotoka baada ya miezi 12 ya ukavu si hedhi, hata iwe tone moja, na haina budi kuchunguzwa haraka kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi au ya nyumba ya mtoto. Mwenzetu yule alitolewa nauli kutoka kwenye mfuko, na somo yake ndiye aliyekwenda naye hospitali na kukaa naye kwenye benchi siku nzima. Kilichopatikana ni kinyama kidogo kisicho saratani, kikaondolewa. Nilijiuliza usiku ule ni wangapi kati yetu waliowahi kupigiwa vigelegele wakaishia hapo.

Baada ya tukio lile vikao viwili vilitumika kuzungumzia uchunguzi wa shingo ya kizazi, ule wa kupakwa siki iliyozimuliwa ambao wengi tulikuwa tunaukwepa kwa kuona haya. Tulikwenda kwa makundi ya wawili wawili, mtu na somo yake. Mimi na muuza pweza wangu tulicheka njia nzima kwa woga.

Suala la vidonge vya homoni, vile vya kufidia estrojeni iliyopungua, lilizungumzwa mara moja tu, na hapo niliona pengo. Mama mkunga alieleza vizuri chanzo cha hofu: mwaka 2002 huko Marekani, sehemu ya utafiti mkubwa ulioitwa Women's Health Initiative ilisitishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana kwamba waliokuwa wakimeza mchanganyiko wa estrojeni na homoni nyingine iitwayo projestini walipata saratani ya matiti na kiharusi zaidi kidogo kuliko wenzao, na habari hiyo ikaenea duniani kote. Alieleza pia kwamba wastani wa umri wa washiriki wale ulikuwa miaka 63, na kwamba siku hizi wataalamu wanaona kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, na asiye na historia ya saratani ya matiti au ya damu kuganda, faida mara nyingi huzidi madhara. Akamalizia kwa kusema, "Kamuone daktari." Ni ushauri sahihi, lakini duka la dawa nililoulizia mimi, muuzaji alinitazama kama niliyeulizia dawa ya mifugo. Baraza lingeweza angalau kumwalika daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake kwa mwaka. Nilipendekeza, nikaambiwa litaangaliwa.

Niingie sasa kwenye kasoro, ambazo si chache. Kwanza ni mahali penyewe. Kiangazi tunakaa uani chini ya mwembe, upepo unapita, hakuna la kulalamika. Mvua zikianza tunahamishiwa katika banda la mabati lililoko nyuma ya nyumba, lisilo na dari, lenye feni moja inayozunguka kwa kusita. Kuwakusanya wanawake 27 wanaowaka moto kutoka ndani na kuwafungia chini ya bati katika joto la Januari ni jambo ambalo nimeshindwa kulitetea, ingawa mwenye nyumba hatozi hata senti moja ya pango. Siku moja watatu walitoka nje kwa pamoja wakasimama kwenye mvua, na walirudi wakiwa na furaha kuliko sisi tuliobaki.

Pili ni dawa za chupa. Kuna mwanachama anayeuza mizizi iliyochemshwa, shilingi 15,000 kwa chupa, akidai inarudisha ujana na kukata joto kwa wiki mbili. Sina ugomvi na mizizi. Bibi yangu alitutibu kwayo. Ugomvi wangu ni kwamba wanawake wawili waliacha dawa zao za shinikizo la damu kwa sababu chupa ile "inatosha yote", na uongozi ulichukua vikao vitatu kabla ya kusema neno. Hatimaye biashara hiyo ilipigwa marufuku ndani ya ua. Sasa inafanyika getini.

Tatu ni siri, na hapa bado nina donge. Jambo la kitandani alilolisema mwenzetu mmoja, la ukavu na maumivu na mume aliyedhani anachukiwa, lilisikika sokoni kabla ya wiki kwisha. Haikujulikana nani alilitoa. Mwenyewe aliacha kuja kwa mwezi mzima, na uongozi ulikaa kimya ukitumaini maji yatatulia. Ni somo yake aliyemrudisha, kwa kumfuata nyumbani kwake mara nne. Tangu hapo pametungwa kanuni kwamba mambo ya chumbani husemwa kwa somo tu, na kikaoni huletwa kama swali lisilo na mwenyewe. Kwa njia hiyo tumezungumzia vilainishi vinavyouzwa famasi, tumezungumzia mafuta ya nazi na tahadhari yake kwamba hayapatani na kondomu za mpira kwa kuwa huzidhoofisha, na tumekubaliana kwamba kuvumilia maumivu kimya si adabu. Kanuni ni nzuri. Ilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote haisemwi sana. Baraza linadhani kila anayekoma hedhi amefika umri wetu, amezaa, amelea, na sasa anapumzika. Vikao hufunguliwa kwa maneno "tumemaliza kazi tuliyotumwa," na wote tunaitikia. Kuna mwenzetu ambaye hakujaaliwa mtoto, na kila maneno hayo yanaposemwa huangalia mikono yake. Kwake damu iliyokoma imefunga mlango aliokuwa akiubisha miaka ishirini, na sisi tunamwimbia kwamba ni mapumziko. Vilevile alikuja mwanamke wa miaka 38 aliyeondolewa ovari zote mbili, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, kwa upasuaji. Kwake mambo hayakuja polepole kama kwetu. Yalishuka kwa siku moja, joto, usingizi kukatika, hasira, vyote kwa pamoja, na watoto wake bado wa chekechea. Alipewa somo wa miaka 61, mtu mwema kabisa, lakini akaitwa "mwali wetu" na kila alipotaja jasho lake watu walicheka kwa upendo, wakimwambia angoje afike kwao. Alikuja mara tatu, hakurudi. Utaratibu wa somo ndio nguvu ya huduma hii, na mahali hapa ulishindwa kwa sababu walioupanga walitazama nani ametangulia wakasahau kutazama nani anafanana na nani.

Kikao cha waume kilijaribiwa mara moja. Walikuja tisa, wakakaa nyuma, wakataniana. Mzee mmoja, mvuvi, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Sasa akiwaka usiku, mimi nifanye nini?" Mama mkunga alimjibu, "Fungua dirisha, mletee maji, usiulize kosa lako." Ningependa kikao hicho kirudiwe, hata wakija watatu.

Kuhusu ratiba, mwanamke wa Msangamkuu huondoka kabla ya kikao kwisha kwa kuhofia kivuko, na mwanamke wa mashambani kuanzia Oktoba haonekani kabisa. Msimu wa korosho ukianza, kila mwenye mkorosho yuko chini yake akiokota, akitenganisha korosho na mabibo, akianika na kupanga magunia kwa ajili ya mnada. Mahudhurio yaliporomoka kutoka 27 hadi tisa, na Jumamosi moja ya Novemba tulikuwa watano. Uongozi ulisikitika sana, ukasema baraza linakufa. Mimi niliona kinyume chake. Katika wiki hizo ambazo wengi hawakupata mafunzo wala mashine ya shinikizo, na joto la nje liko juu kuliko wakati wowote, simu za usiku hazikukoma. Mwenzetu mmoja aliyeko shambani alikuwa akitembea hadi kwenye kichuguu ili apate mtandao, ambipu somo yake, kisha angoje pale akiwa amejifunga khanga. Laiti nguvu inayotumika kuwahimiza watu waje Magomeni ingetumika kuongeza idadi ya masomo hao na kuwanunulia vocha, huduma ingewafikia wanawake ambao hawatakanyaga ua ule maisha yao yote.

Kwa anayetaka kujua kama itamfaa: ikiwa unatafuta daktari, hapa si mahali pake, na wenyewe watakuambia hivyo siku ya kwanza. Ikiwa umeondolewa ovari mapema, au suala la watoto bado linakuuma, njoo, lakini mwambie mama mkunga pembeni kabla hujapangiwa mtu, na usikubali kupangiwa kwa haraka. Ikiwa unaamka usiku na hujui wa kumwambia, njoo tu, vumilia kikao cha kwanza cha kunyamaza, na urudi mara ya pili. Njoo na daftari, kwa sababu utaambiwa uandike tarehe za siku zako na saa za joto, na daktari akiziona atakusikiliza tofauti. Wanaovaa hijabu wawe na nyepesi ya pamba. Na atakayekuja mwezi wa Januari aje na upepeo wake wa ukindu, kwa kuwa wa kuazimana hawatoshi, na aliyekaa na upepeo chini ya lile bati hauachii.